Miisho Niliyoiongeza kwa Kipaza Sauti

Mliponiaga pale ukumbini mwezi uliopita mkanitaka niseme neno, nilisema "asanteni" nikakaa. Mkadhani nimezidiwa na majonzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kitumbua mdomoni, na sikutaka siku ya mwisho niaibike mbele ya watu. Sasa kitumbua kimeshuka, na nafasi ninayo. Nawaandikia ninyi mnaotafsiri filamu kwa laptopu, mnaoweza kurudia sentensi mara kumi mpaka ikae sawa. Sina habari za vyeo. Kwetu hakukuwa na ngazi ya kupanda: alikuwapo mwenye ukumbi, na nilikuwapo mimi. Nitawaeleza kazi yenyewe, na hasa lile jambo mnalobishania kila mara, kama filamu ni lazima ijibu kila kitu kabla haijaisha.

Niliingia kazini kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nimeshuka kutoka Mlalo na ndoo mbili za matunda, maplamsi, nimeziuza sokoni Lushoto, na nilikuwa nasubiri gari la kurudi. Mvua ikanisukuma chini ya paa la ukumbi wa video wa Mzee Sudi. Mzee Sudi alikuwa mtu wa Tanga mjini, aliyefanya kazi ya kuendesha mitambo kwenye jumba la sinema kule pwani kabla ya kupanda milimani na deki mbili za video. Alikuwa anatafsiri filamu zake mwenyewe, papo hapo, amekaa kando ya runinga na kipaza sauti. Siku ile baridi yetu ilikuwa imemkamata koo. Alikwaruza sentensi mbili, akasimamisha kanda, akauliza watu, "Nani humu anajua Kiingereza?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nimefanya usafi miaka miwili kwenye nyumba ya wageni ya misheni, nikiwasikiliza Wazungu wakilalamikia chai. Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Unajua Kiingereza cha shule au cha watu?"

"Cha watu, kidogo."

"Kaa hapa."

Nilitafsiri kila kitu. Mtu akifungua mlango, nasema amefungua mlango. Akivaa kofia, nasema kofia. Mzee Sudi akanishika bega akaninong'oneza kwa ile sauti yake iliyokatika: "Binti, mlango tunauona. Tuambie tusichokiona." Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na sijapata kubwa kuliko hilo. Gari la Mlalo liliondoka bila mimi. Nikalala kwa shangazi yangu, na asubuhi Mzee Sudi akaja kumwomba ruhusa rasmi, amevaa kanzu na koti, kana kwamba anakuja kuposa. Shangazi alipojua ni habari ya kazi tu alionekana kama amepunguziwa kitu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na vyote vilikuwa na tabia zao. Kipaza sauti tulikifunga leso ili pumzi isivume. Vichwa vya deki tulivisafisha kwa pamba na spiriti. Adui yetu mkubwa alikuwa ukungu. Siyo ule unaoshuka barabarani tu, bali ule mweupe unaoota ndani ya kanda. Tulikuwa tunazihifadhi kanda ndani ya debe lenye mchele mkavu, na kila wiki nazigeuza kama mtu anayeanika mahindi. Tena nilikuwa na daftari la shule la kuandikia majina. Majina ya kigeni yalikuwa yanawapotea watazamaji, kwa hiyo stelingi wetu, shujaa wa filamu, mara nyingi aliitwa Hoza, jina la kwetu milimani. Adui hatukumpa jina la hapa kabisa, kwa sababu lazima ndugu yake angepatikana ukumbini.

Onyesho kubwa lilikuwa Jumamosi saa nane mchana, watu wakishamaliza soko. Tuliziba madirisha kwa mablanketi. Wakulima wa Soni walikuja na matenga yao matupu, walimu walikuja na wake zao, na kulikuwa na makarani wa ofisi za wilaya waliopenda kukaa nyuma wasionekane. Watu hawa walikuwa na kumbukumbu kali. Filamu ikiisha, mtu anasimama: na yule mbwa aliyebaki stesheni je? Na yule nesi, aliolewa? Barua ile aliisoma nani? Mzee Sudi alikuwa amewapatia dawa. Mwishoni mwa kila filamu kuna majina ya wasanii yanayopanda kwa dakika mbili au tatu, na hakuna anayeyasoma. Ndani ya dakika hizo alikuwa anafunga kila fundo: mbwa alichukuliwa na mkuu wa stesheni, nesi aliolewa na daktari, barua ilifika. Hakuna hata moja lililokuwamo kwenye filamu. Aliyaunda yote palepale.

Niliirithi kazi hiyo, na nitasema bila haya kwamba nilimzidi. Watu wakaanza kuja kusikia miisho yangu. Kuna Jumamosi niliozesha watu wanne na kumfufua mmoja ndani ya dakika mbili na nusu. Nikitembea sokoni wananiita, "Dada Naomi wa mafundo!" Niliona nina kipaji, na nilikuwa nacho. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kinatumika kwa kazi gani.

Ndipo ikaja filamu ya yule mama na mwanawe. Ilikuwa ya nchi fulani ya mbali, ya milima kama kwetu. Kijana anaondoka kwenda kuchimba madini, barua zinakuja, baadaye haziji. Mwishoni mama anafagia uani, anainua kichwa, anatazama njia, anaendelea kufagia. Majina yanapanda. Ukumbi ulikuwa kimya, nami niliuogopa ule ukimya kama ninavyoogopa umeme kukatika. Nikawaambia kwamba mwezi uliofuata basi lilisimama, kijana akashuka na sanduku kubwa, akamwita mama yake kwa jina alilokuwa akimwita utotoni. Watu walipiga makofi, wengine wakafuta machozi. Mzee Sudi alinitazama akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, ukumbi mtupu, mimi nasafisha deki, akaingia dada mmoja na mtoto mgongoni. Hakunisalimu.

"Wewe ndiye unayesema Zakaria amerudi?"

"Zakaria gani?"

"Kaka yangu."

Akaniambia yote akiwa amesimama. Jina lake Ester. Kaka yake alikwenda kwenye machimbo ya vito miaka mingi nyuma na hakuna aliyemsikia tena. Ester mwenyewe alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyovunjika, na watoto wawili, na ukoo ulikuwa umeshakubaliana kwamba wakae kwenye chumba cha Zakaria. Jumamosi ile mama yao aliuza mapeasi, akaingia kutazama filamu, akarudi nyumbani mtu mwingine. Alikipiga lipu kile chumba upya. Alinunua godoro. Alikifunga kwa kufuli na ufunguo akaufunga kwenye kanga. Ester na watoto walikuwa wanalala jikoni, na mdogo ameshaanza kukohoa kwa moshi.

"Nikimwambia, ananijibu yule mama wa kwenye filamu naye walimwambia aache kungoja. Ananijibu kijana alirudi. Sasa wewe uliyesema, njoo umwambie."

Nilimwomba amlete mama yake. Siku ya soko iliyofuata walikuja wote wawili, Mama Zakaria mbele, mwembamba, mikono imepasuka kwa udongo. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia, "Mama, nataka uione tena sehemu ya mwisho, lakini mimi sitasema kitu."

Nikaweka kanda. Alitazama bila kupepesa. Fagio, kichwa, njia, fagio. Majina yakaanza kupanda, naye akasubiri. Yakaisha, skrini ikawa ya buluu.

"Kijana yuko wapi?"

"Hayumo, mama. Nilimwongeza mimi."

"Wewe ulimwona wapi?"

"Sikumwona popote. Nilisema ili watu wafurahi."

Ester alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Mama Zakaria akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Alitazama mara ya pili, safari hii ameinama mbele.

"Anafagia vizuri," akasema. "Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe, sikumwona. Nilifikiri amekaa anangoja. Kumbe ana kazi zake." Halafu akaniuliza, "Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna. Wameishia hapo."

"Basi na mimi niko hapohapo," akasema. Akafungua pindo la kanga, akampa Ester ufunguo. Hakusema mwanawe amekufa, na hakusema atarudi. Alimwambia binti yake, "Vitu vyake uvipange juu ya kabati, usivitoe nje," wakaondoka.

Niliugua kwa aibu siku kadhaa. Nilipomweleza Mzee Sudi kwamba sitaongeza tena miisho, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akasema, "Naomi, hawa watu wana mashauri yasiyoisha, wana mipaka ya mashamba isiyoisha, wana ndugu wasioandika. Wanakuja hapa waone kitu kimoja tu kikiisha. Unataka kuwanyima hicho?" Hakuwa anasema upuuzi, na hadi leo siwezi kulijibu hilo lote. Nikamwambia, "Kikiisha kwenye filamu, nitasema kimeisha. Kisipoisha, mimi si mwenye filamu."

Akanipa Jumamosi moja ya kujaribu. Nakumbuka nilivyozima kipaza sauti majina yalipoanza kupanda, na sauti zilizofuata. Mmoja aliuliza kama umeme umekatika. Mwingine akasema Dada Naomi amelala. Nikasimama nikawaambia filamu imeishia pale. Walitoka wakinung'unika, na nilijua baadhi yao hawatarudi. Kweli wengine walihamia ukumbi wa Soni, ambako mtafsiri aliozesha watu mpaka majina yakaisha. Lakini waliobaki hawakwenda nyumbani. Walisimama barazani, manyunyu yanawapiga, wakabishana karibu saa nzima. Mwalimu mmoja na muuza kabichi walikaribia kushikana kola kwa sababu ya nesi wa filamu ambaye hajawahi kuwapo duniani. Mzee Sudi alikuwa mlangoni anawasikiliza. Jumamosi iliyofuata aliniachia tena kipaza sauti.

Msidhani hapo niligeuka mtu wa kupenda filamu zisizo na majibu. Wapo kati yenu wanaofikiri kuacha mambo yananing'inia ni ufundi. Sivyo kila mara. Mara nyingine ni uvivu tu wa mwandishi. Nililijua hili Bulwa, kule kwenye mashamba ya chai ya Usambara ya Mashariki, tulikoalikwa kuonyesha filamu siku ya mapumziko. Tulipeleka filamu ya mauaji: mwalimu mkuu anakutwa amekufa, watu sita wanashukiwa. Nilikuwa sijaitazama kwanza, kosa ambalo msilifanye. Wachumaji walijaa ukumbini hadi madirishani. Zimebaki dakika kama kumi, mpelelezi amewakusanya wote sita sebuleni, amenyoosha kidole, na deki ikaitafuna kanda. Haikukwama. Iliitafuna, utepe ukatoka kama tambi.

Kelele zilizopigwa siwezi kuziandika. Mama mmoja mpana aliyekaa mbele, msimamizi wa kikundi cha wachumaji, akasimama. "Dada, nani amemuua?"

Mzee Sudi akaninong'oneza, "Mtaje yeyote. Mtaje yule mpishi."

"Sijui," nikasema kwenye kipaza sauti. "Sijauona mwisho. Lakini nitakwenda kuutafuta, nirudi niwaambie."

Walicheka, na hakuna aliyeniamini. Mzee Sudi alirudi na mitambo hadi Lushoto, mimi nikateremka Muheza, nikaenda Tanga. Nilizunguka maduka ya kanda siku nzima kabla ya kupata nakala, na mwenye duka akakubali niitazame palepale juu ya kigoda. Kesho yake nikapanda gari la kurudi Bulwa, nikawakuta wanapima majani ya chai mchana kwenye kibanda cha mizani. Yule msimamizi aliponiona aliweka kikapu chini.

"Umekuja?"

"Nimekuja. Ni mke wa mlinzi. Mwalimu mkuu alimfukuza shule mtoto wa huyo mama kwa kosa lisilo lake."

Kibanda kizima kililipuka. Nusu walisema walijua tangu mwanzo, walikuwa waongo. Msimamizi akanishika mikono yote miwili, mikono yake ina utomvu mweusi wa chai, akasema, "Tangu juzi hatujafanya kazi sawasawa." Safari ya siku mbili kwa sentensi tatu. Katika miaka yangu yote sioni siku niliyoifanya kazi hii vizuri kuliko siku ile. Filamu yenyewe ndiyo iliyouliza nani amemuua, ikawakalisha watu saa moja na nusu kwa swali hilo. Hapo ilikuwa na wajibu wa kujibu, na mimi nilikuwa na wajibu wa kulifikisha jibu. Yule mama wa fagio filamu yake haikuuliza kama kijana atarudi. Iliuliza mama ataishije. Na ilijibu.

Mambo yaliyofuata mnayajua. Kanda zikaondoka, zikaja sidii, zikaondoka nazo. Mzee Sudi alizeeka, macho yakaingia mtoto wa jicho, na alipofanyiwa upasuaji hayakurudi vizuri. Akaniachia ukumbi niuendeshe, akarudi Tanga kwa mkewe, Bi Mwanaidi. Nilikuwa nashuka kumwona kila nilipopata nafasi, na mwaka jana nilikwenda na laptopu. Nikamtafsiria filamu barazani kwake, yeye hana kazi ila kusikiliza. Mara hii ilibidi nimwambie hata milango.

Mwisho ulipofika akauliza, "Imeishaje?"

"Mwanamke amesimama kituoni. Basi limefika. Mlango umefunguka. Picha imekatika."

"Nani ameshuka?"

"Hawajaonyesha."

Nilisubiri anikumbushe ule ugomvi wetu wa zamani. Badala yake akaanza kucheka, bega linatikisika. "Usiniambie," akasema. "Hata kama unajua, usiniambie."

Kuanzia kesho yake, kila alasiri baada ya swala, alinipigia simu. Ni kaka yake ameshuka. Siku nyingine: hapana, ni yule dereva wa mwanzo, wewe huoni mwanamke alivaa viatu vizuri? Siku nyingine akasema hakuna aliyeshuka, mlango ulifunguka ili mwanamke apande, na tumedanganyika sote. Hiyo ilinikosesha usingizi, maana sikuwa nimeiwazia. Nilirudi nikaitazama sehemu ile nikitafuta kama mwanamke ana sanduku, na kweli alikuwa nalo miguuni. Nilimpigia mimi kumwambia. Alipiga kelele ya furaha kama mtu aliyefunga goli. Mambo haya yaliendelea wiki tatu.

Alhamisi moja akaniambia, "Naomi, nimempata. Sasa nina uhakika. Ukija Jumamosi nitakwambia." Alikuwa na sauti ya mtu mwenye siri tamu. Nikamwambia aniambie palepale, akakataa, akakata simu. Ijumaa mchana Bi Mwanaidi alinipigia kunijulisha kwamba mzee amefariki.

Nilifika Tanga Jumamosi, maziko yamekwisha kufanyika. Nilikaa na Bi Mwanaidi ndani, kwenye mkeka, pamoja na wanawake wengine. Nilijua si pahala pake, lakini nilishindwa kujizuia. Nikamwuliza taratibu kama mzee alimwambia nani alishuka kwenye lile basi.

Alifunika mdomo kwa upindo wa mtandio, nikaona anacheka na machozi yanamtoka.

"Kila siku alinitajia mtu mwingine," akasema. "Juzi asubuhi aliniambia ni mimi."